Utulivu wa Mama Luciana

Ukitaka kujua majirani wanampenda mgonjwa wa namna gani, muulize Tekla wa Mlabani. Wanampenda aliyetulia. Mgonjwa akipiga kelele kila mtu ana ushauri, akinyamaza kila mtu ana pongezi. Kwa miezi mingi Tekla alipita na beseni lake la vitumbua kuelekea sokoni, na kila mlango ukampa sifa ileile: "Hongera, dada. Siku hizi mama katulia." Naye alijibu "Tunamshukuru Mungu," kwa sababu ndilo jibu, lakini neno hilo lilikuwa limeanza kumkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Mama mwenyewe ni Luciana, mjane wa Kindamba aliyelima mpunga bondeni, upande wa Kivukoni, tangu usichana wake mpaka miguu ilipomkatalia. Alizaa wengi, wakabaki wawili: Evod, anayelima shamba lilelile la marehemu baba yao, na Tekla, anayekaanga vitumbua mjini. Ugonjwa wa kusahau ulipomwanza, watoto walicheka kwanza, kama wafanyavyo wengi. Mama kaweka chumvi kwenye chai. Mama kamwita Evod kwa jina la mjomba aliyekufa zamani. Mama anatafuta kanga aliyojifunga. Kisha siku moja akakutwa barabarani akiwauliza wapita njia kivuko kimeondoka saa ngapi, wakati daraja lilishajengwa na watu wanauvuka mto bila hata kuutazama. Hapo kicheko kikaisha. Tekla, kwa kuwa ni binti na hana mume wa kumuuliza, akamchukua akakaa naye. Ukubwa jalala, na jalala la ukoo ule lilikuwa Mlabani.

Kelele zilianza mwaka uliopita, masika yalipokolea. Kila alfajiri mama aliamka, akachukua sufuria yoyote aliyoiona, akatoka uani na kuipiga kwa mwiko huku akipaza sauti: "Waleee! Waleee! Tokeni!" Alinyamaza kidogo, akasikiliza, akapiga tena. Ukimrudisha ndani alilia kwa uchungu, kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Wa upande wa kushoto walisema bibi anaota wezi. Wa upande wa kulia, wenye akili zao nyingi, walisema bibi anawaona wachawi wakitua. Mabula, jirani wa nyuma, Msukuma muuza maziwa ambaye mkewe ndiyo kwanza alikuwa amejifungua, alikuja mpaka kwenye ua akiwa na macho mekundu.

"Dada Tekla, mimi namheshimu mayu," alisema, akimwita Luciana mama kwa lugha ya kwao, "lakini mtoto wangu halali, mama yake halali, na mimi nikiendesha pikipiki ya maziwa nasinzia. Mtafutieni dawa."

Muda si mrefu mama akashikwa na homa. Akawa anapayuka mchana kutwa, anapigana na mto wa kulalia. Hospitali walimpima wakakuta UTI, wakamtibu, na kwa kule kupayuka wakampa vidonge vya kutuliza, nusu kidonge jioni, kwa muda mfupi tu. "Mrudishe baada ya wiki mbili tumtazame," waliambiwa. Neno hilo lilikuwa zuri na lilisemwa kwa Kiswahili fasaha. Lakini mavuno yalikuwa yameiva, na katika bonde hili wakati wa mavuno hata ugonjwa huombwa usubiri. Homa ilikwisha, hawakurudi. Dawa ilipoisha Tekla alibeba pakiti tupu mpaka duka la dawa, akapewa nyingine kama hiyo. Nusu ikaonekana haitoshi, ikawa kizima. Mama alipopelekwa kwa Evod kutembea, mke wa Evod akamwongezea kidonge cha mafua, kile kinacholeta usingizi, kwa nia njema kabisa, nacho kikaingia kwenye mfuko wa dawa kikabaki humo. Hakuna aliyekuwa na roho mbaya. Kila mmoja aliongeza kidogo, kwa huruma.

Basi mama akatulia. Akatulia mpaka akaanza kutembea kwa kuburuta miguu, hatua fupifupi, mikono imekakamaa ubavuni haiyumbi. Akatulia mpaka mate yakawa yanamtoka pembeni mwa mdomo. Vidole vyake vilitetemeka kana kwamba anaviringisha tonge lisilokuwepo. Alipaliwa na chai. Alianguka njiani kwenda chooni. Choo chenyewe kikawa hakipatikani, siku zinapita. Na maneno yakamkauka moja baada ya jingine, hata ilipofika Krismasi alikuwa hasemi kitu. Kila asubuhi Tekla alimwinamia akasema, "Shikamoo, mama," na kila asubuhi shikamoo yake ilibaki hewani bila wa kuipokea. Mwanamke wa makamo, mwenye mvi zake, alikuwa akienda jikoni kulia juu ya unga wa mchele.

"Uzee huo," Evod alisema alipokuja na gunia la mpunga. "Mama anamaliza safari, Tekla. Baada ya kupanda nitamchukua nimpeleke shambani akafie kwenye ardhi yake. Usimhangaishe na mahospitali. Mwache apumzike."

Tekla alilipokea gunia akaliingiza ndani. Evod ndiye mkubwa, na maneno yake yalikuwa na heshima ndani yake. Lakini alitaka kitu kimoja, akaona haya hata kukisema: alitaka mama yake amwite jina lake tena, mara moja tu, kabla ya safari hiyo. Haikuwa haki, alijiambia, mtu kuondoka hivyo akiwa ameketi palepale kwenye kiti.

Aliyemwamsha alikuwa Mabula, yuleyule wa macho mekundu. Alileta maziwa asubuhi moja, akamkuta mama amewekwa mlangoni aote jua. "Shikamoo, mayu," alisema. Kimya. Akachuchumaa, akamtazama usoni muda mrefu, nzi akitembea kwenye shavu la yule bibi bila kufukuzwa.

"Dada Tekla, huyu kawa hivi tangu lini?"

"Si ndiyo kutulia mlikokutaka?" Tekla alimjibu kwa ukali, maana jeraha lilikuwa palepale.

Mabula hakukasirika. Msukuma huwezi kumkasirisha kwa neno moja. "Nilitaka apunguze sauti, sikutaka aondoke. Kwetu ng'ombe mkorofi akitulia ghafla hivi hatushangilii. Tunauliza kala nini."

Kala nini! Tekla aliingia ndani akautazama mfuko wa dawa uliokuwa ukining'inia kwenye msumari, akautungua. Kesho yake hakukaanga vitumbua. Alimpakia mama kwenye bajaji, akamshika kiuno njia nzima, wakaenda kliniki. Tekla hakumwambia Evod. Siku hiyo aliona afadhali amwombe radhi baadaye kuliko ruhusa kabla.

Daktari Eliza alikuwa binti mdogo, pengine wa umri ambao Tekla angeweza kumzaa. Kabla ya kufungua faili alimpa bibi shikamoo, akangoja jibu kwa heshima ingawa halikuja. Akaushika mkono wa mama, akaukunja na kuukunjua polepole. Akampima presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Akaomba mkojo upimwe. Halafu akaumwaga mfuko mzima mezani.

"Hiki nani kampa?" aliuliza, akiinua kidonge cha mafua.

"Wifi yangu. Alikuwa na nia njema."

"Naamini. Na hiki cha kutuliza, tangu mwaka jana mfululizo?"

Tekla aliinamisha kichwa. Alingoja kufokewa, na kama angefokewa angeona ni haki yake. Daktari hakumfokea.

"Sikiliza, mama," alisema. "Kusahau ni kusahau, na ugonjwa huo anao. Lakini huku kukakamaa, mate, kutetemeka, kuanguka, nadhani vimeletwa na dawa. Na kile cha mafua kinafunga choo na kinamzidishia mzee kuchanganyikiwa. Kwa kijana yangekuwa maudhi madogo madogo. Kwa mtu wa umri wake, mwenye ugonjwa huu, ni makubwa."

"Basi namwachisha leo leo!"

"Hapana!" Daktari aliinua kiganja. "Hiki cha mafua ndicho anaacha leo. Cha kutuliza tunapunguza kidogo kidogo, na kila hatua utamleta nimwone. Ukikikata ghafla anaweza kuumwa zaidi. Akigoma kula, akipata homa, akianguka, usingoje tarehe." Kisha akashusha sauti. "Na nisikudanganye. Sitakurudishia mama wa zamani, huyo hata mimi sina dawa yake. Nitajaribu kukurudishia huyu wa sasa."

Huyu wa sasa! Tekla alirudi na neno hilo amelishika kama mtu anavyoshika yai. Bandu bandu huisha gogo, alijiambia, na gogo lenyewe lilikuwa zito.

Wiki za kwanza zilikuwa mbaya, na tusiseme vinginevyo. Mama alikesha. Alilia bila machozi. Alimpiga Tekla na mwiko begani, tena kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua bado anazo. Majirani, waliokuwa wakigawa hongera kama pipi, wakaanza tena kukohoa kwa maana. Evod alipata habari, akaja na pikipiki yake, uso umekunjamana.

"Umeona ulichofanya? Alikuwa kwenye amani yake. Mrudishie dawa!"

"Haikuwa amani, kaka. Ilikuwa dawa."

"Na wewe ndiye daktari?"

Mchana ule, mama alipokuwa akijipigapiga tumbo na kupiga yowe, Tekla alikitoa kidonge kizima kutoka kwenye pakiti, akakiweka kwenye kiganja na kukitazama. Kingenyamazisha kila mtu: mama, majirani, Evod. Alichoka, Mungu wake anajua alivyochoka. Ndipo akakumbuka daktari alivyomwambia: kabla ya kumtuliza, mtafutie kinachomsumbua, maana hawezi tena kukitaja. Je, ana njaa? Ana kiu? Ameumia? Ameenda haja? Akalitazama lile tumbo, likiwa gumu kama ngoma. Akarudisha kidonge kwenye pakiti, akampigia daktari simu, akafanya alivyoelekezwa: maji mengi, papai lililoiva, dawa ya kulainisha choo, na kumtembeza uani akiwa amemshika mkono. Kesho yake choo kilipatikana, na mama akalala kama mtoto. Tekla alishangilia choo kile kuliko wengine wanavyoshangilia harusi. Anayecheka hajauguza.

Kisha mambo yakaanza kurudi, madogo madogo, bila kupiga hodi. Mate yalikauka. Mikono ikaanza kuyumba kidogo mama anapotembea. Nzi akatua shavuni, akafukuzwa. Na asubuhi moja ya Kwaresima Tekla alimwinamia kwa mazoea, hata hakuwa akingoja, akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama akasema.

Sauti ilikuwa ya kukwaruza kama mlango uliofungwa muda mrefu. Tekla aliangusha kikombe. Akamwamkia tena, na tena, mpaka bibi wa watu akamtazama kama anayemshangaa mwenda wazimu.

Lakini jina hakulitaja. Tekla alipomuuliza, "Mimi nani, mama?" mama alitabasamu kwa adabu, tabasamu unalompa mgeni. Daktari Eliza alishamwonya asimuulize maswali ya mtihani, akaacha. Hata hivyo ile hamu haikumwacha.

Dawa ya kutuliza ilikwisha kabisa karibu na Pasaka. Na palepale, kama waliokuwa wameambiana, alfajiri zikarudi. Siku hiyo Tekla alikuwa amewasha jiko la vitumbua kabla hakujapambazuka, akasikia kitanda cha mama kikilia. Aliingia akitegemea sufuria na makelele. Akamkuta mama ameketi kitandani, mkono mmoja ameunyoosha mbele, anavuta kitu. Anavuta, anaachia, anasikiliza. Anavuta tena. Halafu akapaza sauti nyembamba isiyo na nguvu bado: "Waleee..."

Tekla alisimama mlangoni, mafuta yakiungua jikoni, asielewe. Saa chache baadaye simu ikaita. Alikuwa Evod.

"Jumapili sitakuja. Mpunga umeanza kutoa maziwa, ndege wameshuka. Tangu alfajiri nipo kwenye dungu navuta makopo."

Tekla aliketi pale alipokuwa, juu ya gunia la mkaa. Jamani! Mtoto aliyelelewa juu ya dungu, kwenye kile kibanda cha miti mirefu katikati ya mpunga, anashindwa kuijua sauti ya dungu! Mama yao aliamia ndege, akiwafukuza wasile mpunga, miaka yote ya ujana wao. Punje zikiwa bado laini, zina maziwa ndani, ndege hushuka alfajiri na jioni kwa makundi, na asiyeamka kabla yao huvuna makapi. Kamba zilitoka kwenye dungu zikaenda pande zote za shamba, zimefungwa makopo, na mama alizivuta huku akipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Akili ya mama ilikuwa imesahau daraja, chumvi na majina. Msimu haikuusahau. Mwaka jana hakuwa akiona wezi wala wachawi. Alikuwa kazini, na watoto wake wakamnywesha dawa ya kuacha kazi.

Tekla alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, hata mwenyewe hakuweza kusema. Kisha akampigia Evod. "Kesho alfajiri namleta mama shambani."

"Aje afukuze nini?" Evod aliguna. "Huyu wa kushindwa hata nzi?"

"Nzi anafukuza siku hizi. Wewe tengeneza mahali pa kukaa."

Evod ni mbishi lakini si mtu mbaya, na kitu katika sauti ya dada yake kilimzuia kuendelea. Mama asingeweza kupanda dungu, kwa hiyo alitandika kitanda cha kamba pembeni mwa shamba, kwenye tuta kavu, akasogeza kamba za makopo mpaka pale. Mabula, aliposikia kisa chote, alijipiga paja akacheka kwa sauti kubwa. "Kumbe mayu alikuwa mzima, sisi ndio wagonjwa!" Akaleta makopo tupu ya maziwa ya mtoto, yaleyale ya mtoto aliyekuwa akiamshwa, ili kamba zipate mlio.

Walifika kukiwa na ukungu bado, umande umelowesha kila kitu. Evod aliwapokea, akamwamkia mama, akaitikiwa, akageuza uso upesi akijifanya anakagua kamba. Walimketisha mama kitandani, wakamfunika kanga, wakamwekea kamba mikononi. Akazishika. Akatulia. Akatulia sana, na Tekla akaanza kuogopa utulivu ule alioujua. Jua likachungulia. Evod alimtazama dada yake, si kwa kumsuta, ila kwa huruma, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Tekla alikaa chini kwenye nyasi zenye umande na kuegemeza kichwa kwenye mguu wa kitanda. Alikuwa ameamka mapema mno siku nyingi mno. Macho yakajifumba yenyewe.

Ndege walikuja kama wanavyokuja siku zote, kwa mpigo mmoja, wingu zima likiinama juu ya mpunga.

Makopo yakalia. Yalilia shamba zima kwa pamoja, na juu yake ikapanda sauti ambayo Evod alikuwa hajaisikia tangu akiwa mtoto, ya kukwaruza lakini kubwa, "Waleee! Waleee!" Wingu likapinduka, likaondoka. Bibi Luciana alikuwa amekaa wima kitandani, kamba amezikaza, macho yanawaka. Alitazama kulia, akatazama kushoto, kama mwenye shamba anayehesabu watu wake. Kisha akatazama chini, akamwona mwanamke mwenye mvi amelala kwenye nyasi.

"We Tekla!" alifoka. "Unalala, na ndege wanamaliza mpunga wa baba yako?"

Evod aliketi chini kwenye tuta, mikono kichwani.

"Abee, mama!" Tekla aliitika, akaruka, hajui viatu viko wapi. Akaingia kwenye mpunga wenye umande uliomfika kiunoni, akipiga makofi na kupiga kelele, machozi yakimtiririka mpaka shingoni, na nyuma yake mama akaendelea kumfokea kwamba anapita upande usiokuwa na ndege.